Filamu inaishia pale mtoto analia



Tangu filamu Joy itoke kwenye Netflix, mwezi wa Novemba 2024, nimesikia watu wengi kati yetu wakiisifu. Ni hadithi ya Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama, ile watu wanaita mtoto wa epruveti. Mimi niliiangalia mara mbili. Ni filamu nzuri na nitasema kwa nini. Lakini iko na upungufu mmoja, na ule upungufu si wa filamu peke yake, ni wa namna sisi wote tunaongeaka juu ya dawa za kutafuta mtoto. Hadithi inakimbia kuelekea kilio cha mtoto, mtoto analia, watu wanapiga makofi, mwisho. Hatari za mama na za mtoto ziko mbele kidogo ya kile kilio na nyuma yake, na pale kamera haikai.

Kwa wale hawajaiona: filamu iliongozwa na Ben Taylor, maandishi ni ya Jack Thorne. Tuko mwaka 1968. Nesi kijana, Jean Purdy, anafika Cambridge kutafuta kazi kwa mtafiti Robert Edwards. Wawili hawa wanaenda kumtafuta munganga Patrick Steptoe, ambaye anafanya kazi Oldham, mji wa kaskazini mwa Uingereza, na ambaye anajua kuingia tumboni kwa mwanamke kwa kitundu kidogo bila kumpasua yote. Miaka kumi wanafanya kazi. Watu wa kanisa wanakasirika, magazeti yanawachafua, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza linawanyima pesa mwaka 1971. Usiku wa tarehe 25 Julai 1978, Louise anazaliwa Oldham kwa kupasuliwa. Joy, jina la filamu, ndilo jina lake la pili.

Nianze na uzuri wake. Kwanza, filamu inarudisha jina la Jean Purdy mahali pake. Huyu mama alikufa mwaka 1985 akiwa na miaka 39 tu. Steptoe alikufa 1988. Wakati tuzo ya Nobel ilikuja, mwaka 2010, Edwards peke yake alikuwa hai, na Nobel haipewi marehemu. Hata kibao cha ukumbusho kule Oldham kiliwekwa bila jina la Jean, na Edwards alilalamika sana juu ya hilo. Thomasin McKenzie anamcheza Jean bila kelele, kama mtu anayejua kazi yake na hangoji mtu amsifu. Bill Nighy, akicheza Steptoe, na James Norton, akicheza Edwards, wanamwachia nafasi. Nani kati yetu hajui nesi wa namna ile, anayebeba kazi yote ya sevisi na jina lake halionekani kwenye ripoti?

Pili, filamu inawapa uso wale wamama ambao hawakupata kitu. Kule Oldham walijiita wenyewe Klabu ya Yai. Watafiti waliofungua baadaye madaftari ya ile kazi walihesabu wanawake 282 kati ya 1969 na 1978. Mara 112 waliwekewa kiinitete tumboni. Mimba zilikuwa 5. Watoto waliozaliwa hai ni 2. Ukizisoma haraka unasema ni sayansi. Filamu inakulazimisha kuona kwamba ni wamama 280 waliorudi nyumbani mikono mitupu, na walikuwa wanajua kwamba pengine watarudi hivyo. Kwetu ambako mwanamke mugumba anasemwa kwenye msiba na kwenye ndoa, na mama mukwe anamhesabia miaka kwa vidole, hiyo heshima tunaihitaji.

Sasa upungufu. Turudi kwa mama yake Louise, Lesley Brown. Mirija yake ya mayai ilikuwa imeziba. Mwezi wa Novemba 1977 waganga walingoja yai ambalo mwili wake wenyewe ulikuwa unakomaza mwezi ule, bila kutumia dawa za kukomaza mayai mengi. Walitoa yai moja. Likaungana na mbegu ya baba, likaanza kugawanyika, likawa kiinitete kimoja. Walirudisha hicho kimoja. Alizaliwa mtoto mmoja. Shikeni hilo, nitalirudilia.

Mwishoni mwa mimba, damu ya Lesley ilipanda. Alikuwa na ule ugonjwa wa mimba ambao sisi tunaitaka tu tansiyo, na wataalamu wanauita preklampsia: damu inapanda, protini inatoka kwenye mkojo, na kama haishughulikiwi mama anaweza kuanguka kifafa, kuharibika figo na ini, au kufa. Ndiyo maana alipasuliwa siku kadhaa kabla ya wakati, na mtoto hakufika kilo 3. Mtoto mzima, mama mzima, asante Mungu. Kesi moja haithibitishi kitu. Lakini ni ajabu kidogo, sivyo, kwamba mama wa kwanza kabisa wa njia hii alipata ugonjwa ambao leo tunajua unatokea mara nyingi zaidi kwa mimba za njia hii kuliko kwa mimba za kawaida. Ukitoka kuangalia filamu, kichwani unabaki na kilio cha mtoto. Tansiyo ya mama yake huwezi kuikumbuka.

Filamu ingeweza kusimama pale dakika tano na tungeona kitu kingine kabisa: kwamba siku ile ya furaha ilikuwa pia siku ya operesheni ya haraka, na kwamba bila chumba cha upasuaji kilicho tayari, damu ya kuongezea na watu wanaojua kupima mkojo wa mama, pengine tungekuwa na hadithi ya msiba.

Ni nini kilifuata kisha 1978? Kungoja yai moja kwa mwezi kulikuwa kazi ya uvumilivu, na mara nyingi haikuleta kitu. Basi kliniki zikaanza kutumia sindano za kukomaza mayai mengi mara moja, na kurudisha viinitete viwili, vitatu, hata vinne, ili angalau kimoja kishike. Mara nyingine vilishika vyote. Ndivyo mapasa wakawa wengi. Mwaka 2009, kule California, mama mmoja alizaa watoto 8 siku moja kisha munganga wake kumwekea viinitete 12. Watoto walizaliwa kabla ya wakati, na mwaka 2011 yule munganga alinyang'anywa leseni. Hiyo ni kesi ya ajabu, najua. Hatari ya kila siku si watoto 8. Ni wawili.

Hapa kwetu nikisema "mapasa ni hatari" watu watanitazama vibaya. Sisi ndio watu wa Mbuyi na Kabanga, wa Nsimba na Nzuzi. Mama akizaa mapasa anapata jina jipya, anakuwa Mama Mapasa, na hata mkubwa wa mtaa anamsalimia kwa heshima. Kwenye harusi utasikia tantini mmoja anapaaza sauti: "Mungu awape mapasa!" Na kweli ni baraka. Lakini mfuko wa uzazi wa mwanamke hausomi jina. Mimba ya mtoto mmoja inaendaka majuma 40 hivi. Ya mapasa inaishia mara nyingi majuma 35 au 36, na katika nchi zinazohesabu vizuri, nusu yao na zaidi wanazaliwa kabla ya majuma 37. Ya watoto watatu inaishia karibu majuma 32. Mtoto wa majuma 32 anaweza kushindwa kushika joto lake, kushindwa kunyonya, kusahau kupumua. Mapafu hayajakomaa. Mikrobi ndogo inamwangusha. Na yule mama, mfuko wake ulivutwa kupita kiasi, kwa hiyo kisha kuzaa unaweza kukataa kujikaza, na damu inatoka kama bomba lililopasuka. Damu yake ilikuwa tayari kidogo juu alilisha wawili miezi yote ile. Tansiyo pia inampata kirahisi zaidi.

Na hata bila mapasa, kuna mambo mengine matatu ambayo nataka kila mtu mwenye kutafuta mtoto ayajue kabla ya kulipa hata dola moja.

La kwanza ni zile sindano zenyewe. Kwa wanawake wengine, zaidi wale vijana wenye mayai mengi, ovari zinachokozwa kupita kiasi. Zinavimba, maji yanatoka kwenye mishipa ya damu na kujaa tumboni, mara nyingine hata kuzunguka mapafu. Damu inakuwa nzito na inaweza kuganda. Mtu anatapika, tumbo linakaza, anakosa pumzi, mkojo unakuwa kidogo. Hii inaanzaka siku chache kisha sindano ya mwisho, na inaweza kuzidi pale mimba inaposhika. Hesabuni siku hizo: mara nyingi ni wakati mama amekwisha kupanda bus kurudi nyumbani. Leo kuna namna za kuizuia, kwa kubadilisha ile sindano ya mwisho na kugandisha viinitete vyote ili virudishwe mwezi mwingine, mwili ukisha kutulia. Munganga mwema anaisema mbele. Na wale wanaonunua vidonge vya klomifeni kwa famasi bila ekografia, wajue kwamba hata vile vidonge vinaleta mapasa: kwa mimba 100 za klomifeni, karibu 7 au 8.

La pili ni yai la mtu mwingine. Mwanamke ambaye mayai yake yameisha anaweza kubeba kiinitete cha yai la mwanamke mwingine. Ni jambo kubwa na zuri, lakini mwili wake unabeba kitu ambacho hakina hata nusu ya damu yake, na preklampsia inakuwa mara mbili au zaidi ukilinganisha na yule aliyetumia yai lake mwenyewe. Kuna kitu kinafanana na hicho kwa viinitete vilivyogandishwa, pale mama anapewa homoni za vidonge peke yake na ovari yake haitoi yai mwezi ule: tansiyo inapatikana zaidi kuliko pale mwili wenyewe umetoa yai.

La tatu ni miaka. Mwishoni mwa Novemba 2023, hapa jirani Kampala, mama wa miaka 70 alizaa mapasa, mvulana na msichana, kwa kupasuliwa, kwa yai la mwanamke mwingine. Watoto walizaliwa kabla ya wakati na wakawekwa kwenye kuvezi. Habari ilizunguka kwenye simu zetu zote na maneno ya sifa. Simhukumu yule mama. Nani anajua alitukanwa miaka mingapi? Ninachokosoa ni namna habari ilisemwa, sawa vile mtu ameshinda mbio. Hakuna aliyeuliza moyo wa mtu wa miaka 70 unasukuma damu ya watu watatu namna gani, ao ni gharama gani na mashine gani zilimshika mpaka siku ile. Kila mwanamke wa miaka 48 aliyeisoma pale Bukavu au Kalemie alisikia kitu kimoja: inawezekana. Hakusikia kwa masharti gani.

Nisieleweke vibaya. Siandiki haya kuogopesha mtu. Duniani leo kuna zaidi ya watu milioni 10 waliozaliwa kwa njia hii, na wengi kabisa ni wazima, wanasoma, wanaoa, wanazaa. Louise mwenyewe alizaa bila msaada wa maabara. Tena, sehemu ya hatari haitoki kwenye maabara, inatoka kwenye ugumba wenyewe: kule Norway walilinganisha watoto wa mama mmoja, mmoja aliyetungwa maabara na mwingine aliyekuja kawaida, na sehemu kubwa ya tofauti ya uzito na ya kuzaliwa mapema ikapungua. Mama aliyetafuta mtoto miaka 10 mara nyingi ana kitu mwilini mwake ambacho kingesumbua mimba yoyote. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kwa watu 6 hivi anapitia ugumba katika maisha yake. Kwa hiyo tunaongea juu ya familia zetu.

Lakini ile hatari ya mapasa, hiyo ni ya mkono wa mtu. Ni munganga anayeamua kuweka ngapi, na mara nyingi ni sisi tunamsukuma. Namjua vizuri yule baba aliyeuza kiwanja, akakopa kwa shemeji, akavuka mpaka na bibi yake, na anasema: "Munganga, weka mbili, ata tatu, tumalize mara moja, juu pesa ya kurudi hatutapata tena." Ana haki ya kusema hivyo. Hesabu yake si ya ujinga. Ni lazima ajibiwe kwa hesabu.

Hesabu iko. Wasweden na majirani wao walichukua wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36. Nusu waliwekewa viinitete viwili kwa pamoja. Nusu waliwekewa kimoja, na kama hakikushika, wakarudishiwa kingine kimoja kilichogandishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2004: wa viwili kwa pamoja, 42.9 kwa mia walipata mtoto; wa kimoja kimoja, 38.8 kwa mia. Karibu sawa. Lakini kati ya waliozaa, wale wa viwili walipata mapasa 33.1 kwa mia, na wale wa kimoja kimoja 0.8 kwa mia. Yaani yule baba kwa kusema "weka mbili" anaongeza kidogo sana nafasi ya kupata mtoto, na anaongeza sana nafasi ya kuzaa kabla ya wakati.

Na nchi nyingine zilielewa. Sweden iliweka kanuni ya kimoja mwaka 2003, na mimba za mapasa wa maabara zikashuka kutoka karibu robo mpaka karibu 5 kwa mia. Uingereza pia ilitoka karibu robo ikafika 6 kwa mia mwaka 2019. Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, ilifanya kwa akili ya pesa: tangu Julai 2003 serikali inalipa maabara mara 6 kwa mwanamke mpaka miaka 42, kwa sharti kwamba idadi ya viinitete ina kipimo, na aliye chini ya miaka 36 mara ya kwanza anawekewa kimoja tu. Mapasa walipungua zaidi ya nusu. Angalieni mpango wenyewe: serikali iliona kwamba ni rahisi kulipa maabara kuliko kulipa kuvezi. Yule baba wa kiwanja angekuwa Liège, asingesema "tumalize mara moja".

Sisi tuko wapi? Sisi tunavuka kwenda Kigali, Kampala, Nairobi, wengine India. Kule wanafanya kazi yao, testi inatoka nzuri, watu wanalia kwa furaha, na kliniki inaandika kwenye daftari yake: moja imefaulu. Halafu mama anarudi Uvira, Butembo, Kindu, na mimba ya mapasa. Kliniki iliyohesabu ushindi haiko pale siku ya kuzaa. Aliye pale ni mkunga wa materinite ya mtaa, na umeme wa kwenda na kurudi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema kwamba katika nchi yetu wamama zaidi ya 400 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sweden hawafiki 10. Hatari ambayo kule ni juma moja la hospitali, huku inaweza kuwa kaburi. Kile kitu kimoja ambacho kule wanakikataza, sisi ambao hatuna kuvezi tunakilipia.

Ndiyo maana nasema hesabu ya kliniki ni mbovu. Testi nzuri si mtoto. Kuna wataalamu waliopendekeza zamani kwamba ushindi uhesabiwe kwa mtoto mmoja, mzima, aliyefikisha miezi yake. Ukiuliza kliniki kwa hesabu hiyo, utaona uso wa msemaji unabadilika.

Kuna jambo lingine filamu inaligusa na kuliacha njiani, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Filamu inaonyesha Jean akitengwa na kanisa lake, na hata mama yake mzazi akimfungia mlango. Inatuambia kwamba sayansi ilishinda ile aibu siku Louise alizaliwa. Haikushinda. Aibu iliingia tu chini ya nguo. Kwetu mama anayefaulu kule Kampala mara nyingi anaficha. Kanisani wanatoa ushuhuda wa muujiza, familia haijui kitu, na kwenye kliniki ya wajawazito, nesi akiuliza "mimba ilikujaka namna gani?", jibu ni "kawaida tu." Basi nesi anaandika kawaida. Hajui kwamba yai ni la mwingine. Hajui kwamba huyu ni wa kupimwa tansiyo na mkojo kila mara, kwamba pengine angepewa kidonge kidogo cha aspirini kila siku kabla ya juma la 20, jambo ambalo munganga ndiye anaamua na ambalo linapunguza preklampsia kwa walio na hatari kubwa. Kwa familia, mama ana haki ya siri yake yote. Kwa nesi na munganga wake, ile siri inaweza kumuua.

Na mwisho, kitu kimoja cha historia. Mwaka ule ule wa 1978, mbali na Oldham, kule Bogotá, Colombia, munganga Edgar Rey aliona kwamba kuvezi hazitoshi na watoto wadogo wanakufa. Akaanza kuwafunga juu ya kifua cha mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Ndiyo ile tunaita mama kanguru. Utafiti wa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza mara moja kisha kuzaa kunapunguza robo ya vifo vya watoto wa kilo 1 mpaka 1.8. Mambo mawili yalizaliwa mwaka mmoja: namna ya kuanzisha mtoto, na namna ya kumshika asife. Ya kwanza imepata filamu na Nobel. Ya pili imepata pagne iliyofungwa kifuani, na imeokoa watoto wa watu kama sisi. Ningependa kuona filamu ya ile pia.

Kwa hiyo, mwenye kuangalia Joy na aangalie, ni saa mbili nzuri. Halafu, kama uko kwenye njia hiyo wewe ao ndugu yako, peleka maswali haya kwenye ile kliniki kabla ya kutoa pesa. Mtaweka ngapi, na mtaniandikia? Vile vingine mnaweza kugandisha, kwa bei gani? Yai ni la nani, na mwezi ule ovari yangu itafanya kazi ao hapana? Tumbo likivimba nimekwisha kurudi nyumbani, nampigia nani usiku? Nipeni karatasi yenye tarehe, dawa na idadi, niipeleke kwa munganga wangu. Na huku nyumbani: nitazalia wapi, na pale kuna damu, kuna upasuaji wa usiku, kuna mtu anajua mama kanguru?

Wale wa fakulte ya tiba walio kati yetu, ongezeni ao mnikosoe. Lakini tusiishie tena kuandika "hongera" chini ya picha ya testi. Tuandike: hongera, na utazalia wapi?